Saa Kumi na Moja na Dakika Kumi

Ninyi mliobaki katika kituo chetu cha afya mmeniomba niandike niliyoyaona kazini, na najua kwa nini: mmechoka kunisikiliza nikiyasimulia saa ya chai. Sawa. Nimestaafu, nina meza, nina kalamu nne nilizoondoka nazo bila kumwuliza mtu, na migomba yangu haihitaji kusimamiwa. Habari za vyeo msizitegemee. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kilichoongezeka ni mikutano. Nitaandika zaidi juu ya ugonjwa mmoja, ule wa kusahau, kwa sababu ndio ulionivua nguo mbele za watu. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na maandishi haya ndiyo kuchutama kwangu.

Nilizaliwa Bukavu, upande wa Congo, kwa wazazi Wanyarwanda, nikasomea uuguzi huko huko kwa Kifaransa. Tuliporudi nyumbani Rwanda nilivuka daraja la Rusizi na cheti changu, Kifaransa cha shule, Kiswahili cha sokoni na Kinyarwanda cha jikoni kwa mama. Kinyarwanda cha jikoni kinatosha kuomba chumvi, hakitoshi kutibu. Asubuhi ya kwanza kituoni mgonjwa wangu alikuwa shemasi mzee mwenye kikohozi. Nikampa vidonge vya siku tano, na kwa kumtia moyo nikataka kumwambia kwamba akivimeza vyote ataushinda ugonjwa, yaani "uzatsinda". Ulimi wangu wa Bukavu ukaimeza ile "t", nikamwambia "uzasinda", maana yake utalewa. Shemasi alivitazama vile vidonge kwa heshima mpya, akaniuliza kama hakuna vya siku kumi.

Aliyecheka hadi akashikilia mlango alikuwa Mzee Faustin, mkuu wa kituo wakati ule, mtu mrefu mwenye kipimo cha kusikilizia moyo kilichofungwa plasta sehemu mbili. Ndiye aliyenifundisha kazi. Hakuwa na maneno mengi, na aliyokuwa nayo aliyarudia, kwa hiyo hata mimi niliyashika. La kwanza lilihusu wazee wanaoletwa na jamaa zao. Alisema ukimwuliza mzee swali usimwangalie mdomo, mwangalie shingo. Mwenye kumbukumbu zake atakutazama wewe, hata kama anakudanganya. Ambaye kumbukumbu zimeanza kumponyoka atageuka kumtafuta mtu wa nyumbani amjibie. Nililiandika neno hilo katika daftari langu, nikalifunga daftari kwa miaka mingi.

Chombo cha kwanza alichonikabidhi kilikuwa kile kitaa cha kuangalia ndani ya masikio, ambacho betri zake zilihamia kwenye redio ya mlinzi kila kulipokuwa na mpira. Siku moja familia kutoka Nzahaha ilimleta baba yao ikisema akili zimemtoka: ukimwuliza habari za mbuzi, anajibu habari za mvua. Mzee Faustin akanipa kitaa. Masikio yote mawili yalikuwa yamezibwa na nta ngumu iliyokaa humo miaka. Tulitia mafuta siku tatu, tukayaosha kwa maji ya vuguvugu kwa bomba kubwa la sindano, na mzee akarudishiwa akili zake zote papo hapo. Bahati mbaya alianza pia kusikia yote ambayo wake za wanawe walikuwa wamezoea kuyasema mbele yake. Baada ya wiki mbili mwanawe mkubwa alirudi kuuliza, kwa unyenyekevu, kama tunaweza kuyaziba tena.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza kwamba kabla ya kumwambia mtu akili zake zinaondoka, kagua kwanza kila kitu kingine: masikio, macho, sukari, presha, damu, pombe, dawa za usingizi zinazonunuliwa sokoni, na huzuni. Huzuni hasa. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Ruhwa aliyeunguza kila sufuria aliyoipika, tukadhani ndio mwanzo. Kumbe alikuwa hajalala vizuri tangu amzike dada yake. Tulikaa naye, akarudi tukakaa naye tena, na sufuria zikaacha kuungua.

Kisha ikaja fomu ya kupima kumbukumbu. Tulifundishwa kuitumia kwa siku mbili mjini Kamembe, na chakula cha mchana kilikuwa kizuri, jambo ambalo lilinifanya niipende fomu kuliko ilivyostahili. Ilikuwa imetoka mbali, ikapita ofisi nyingi, na kila ofisi ilikuwa imeongeza muhuri bila kupunguza swali. Iliandikwa kwa Kifaransa, nasi tulitakiwa kuitafsiri papo hapo, mdomoni. Iliuliza tuko ghorofa ya ngapi. Kituo chetu, kama mjuavyo, kimekaa chini moja kwa moja. Mzee mmoja alitazama dari, akatazama sakafu, akaniuliza kwa upole ghorofa tumeificha wapi. Iliuliza majira ya mwaka, nayo ilitaka moja kati ya majira manne ya Ulaya, yale yenye theluji.

Iliuliza pia tuko nchi gani. Hilo nililiona jepesi mpaka nilipomwuliza mama mmoja aliyekuja na beseni la vitunguu. Alifikiri kidogo.

"Asubui nilikuwa Congo, saa hii niko Rwanda, mangaribi ntarudia Congo," akasema. "Unauliza ya saa gani?"

Nikampa alama yake, na nusu nyingine ya juu ambayo fomu haikuwa nayo.

Swali la mwisho lilimtaka mgonjwa achore saa ya ukutani, aweke namba zote, halafu mishale miwili ionyeshe "onze heures dix". Pembeni kulikuwa na mchoro wa mfano, ili sisi wauguzi tusichoke kufikiri. Likumbukeni swali hilo, maana ndilo lililoniangusha.

Sasa niwatambulishe kwa watu wawili. Mwalimu Thaddée alikuwa amefundisha shule ya msingi kule Nkanka mpaka akastaafu, na wengi wanaojua kusoma katika vilima vile vya kando ya ziwa walijua kwa mkono wake, wengine kwa fimbo yake. Alivaa shati lililofungwa mpaka kifungo cha shingoni, na mfukoni hakukosa kalamu nyekundu. Mkewe, Maman Bahati, alikuwa Mushi, wa kabila la Bashi, wa Bukavu. Shule hakuiona, lakini mara mbili kwa wiki alivuka mpaka na mabeseni ya nyanya na sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, akarudi na vitenge, na kichwani mwake alijua nani ameagiza kipi, cha rangi gani, kwa ajili ya harusi ya nani. Hakuandika chochote kwa sababu hakujua kuandika, na hakuna harusi iliyowahi kukosa kitenge.

Walikuja asubuhi moja pamoja na mtoto wao mkubwa, Bahati, anayeuza simu Kamembe. Msemaji alikuwa Mwalimu. Alinieleza, kwa Kifaransa kilichopigwa pasi, kwamba mkewe ameanza kusahau na anaweka vitu mahali pasipo pake. Miwani yake Mwalimu ilikutwa ndani ya kopo la chumvi. Kitabu cha nyimbo kilikutwa kwenye gunia la mahindi. Redio ilipotea siku nne, ikapatikana ilipoanza kusoma habari ndani ya kapu la viazi. Bahati alikuwa akitikisa kichwa kwa huzuni. Maman Bahati alikaa amekunja mikono, akayasikiliza mashtaka yake yote, na hakukana hata moja.

Nikamwuliza Mwalimu mambo madogo madogo: haya yalianza lini, nyumbani wanameza dawa gani, walikuja kituoni mara ya mwisho kwa sababu gani. Kila swali alitabasamu, akamgeukia mkewe, na mkewe akajibu kwa sauti ya chini. Nikawaza kwamba hiyo ndiyo ndoa: mume msomi, lakini anamwachia mkewe nafasi ya kusema. Nilivutiwa mno hata nikataka kumfundisha mume wangu mwenyewe nikifika nyumbani, nimwonyeshe ilivyo.

Kisha nikawatoa wanaume nje, nikampima Maman Bahati. Maneno niliyompa ayashike aliyarudisha yote. Siku ya leo aliijua kwa soko, na mwezi aliujua kwa sambaza. Penye kusoma sentensi na kuandika sentensi akanitazama tu, na fomu ikamkata alama, kwa sababu fomu ile ilipima shule ikadhani inapima akili. Tukafika kwenye saa. Kichwani nilisoma "onze heures dix", na mdomoni nikatafsiri namba kwa namba, haraka, huku nikiona foleni mlangoni. Nikamwambia achore saa kumi na moja na dakika kumi.

Alishika kalamu kwa ngumi. Duara lake lilitoka kama kiazi kitamu, lakini namba zote aliziweka mahali pake. Mshale mfupi akaupeleka kwenye tano, mrefu kwenye mbili. Nikautazama mchoro wa mfano: mshale mfupi uko kwenye kumi na moja. Nikautazama wake. Haikufanana. Nikaandika sifuri, jumla ikaanguka chini ya mstari, nami nikaandika katika faili, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba huenda huu ni mwanzo wa ugonjwa wa kusahau.

Niliwaita wanaume ndani, nikawaonyesha michoro miwili. Bahati naye aliona haifanani. Jioni hiyo alichukua karatasi ya mama yake ya kuvukia mpaka, akaifungia dukani kwake, ili mama asije akapotea ng'ambo. Alifanya hivyo kwa upendo. Na mimi nilifanya kwa upendo, na kwa fomu. Lakini ng'ambo ndiko Maman Bahati alikokuwa na dada zake, wateja wake, kaburi la mama yake na lugha yake. Kwa alama tatu nilikuwa nimemfungia mlango wa kwao.

Wiki mbili baadaye alirudi. Alikuja na Mwalimu, akamketisha kwenye benchi karibu na mlango wa chumba changu, akaingia bila kusubiri zamu yake. Kwapani alibeba kitu cha mviringo kilichofungwa kwa kitenge. Alinisalimu kwa salamu ya kwao, "Asinge", akakifungua juu ya meza yangu. Ilikuwa saa ya ukutani, mpya, ya kijani, ya soko la Kamembe, bila betri. Akageuza mishale kwa kidole, mfupi ukapita tano kidogo, mrefu ukakaa kwenye mbili.

"Muganga," akasema, maana huku kwetu kila mwenye koti jeupe ni muganga, "soma hii saa."

Nikaisoma kwa sauti, mlango ukiwa wazi na wagonjwa sita wakisikiliza. Nikasema saa kumi na moja na dakika kumi.

"Sasa toa faili yangu."

Nikaitoa. Nikafungua. Nikaweka mchoro wake kando ya ile saa ya kijani, na nikaanza kuhisi joto kuanzia masikioni. Mfupi kwenye tano, mrefu kwenye mbili. Onze heures ya Wafaransa ni saa tano yetu, ninyi nyote mnajua, hata mtoto wa chekechea anajua. Mimi nilimwambia kumi na moja, naye akanichorea kumi na moja, sawasawa kabisa, nikampa sifuri.

"Saa kumi na moja batu ya soko banafunga bintu, banarudia kwabo," akasema Maman Bahati. "Mi nayiona kila siku. Sasa mugonjwa ni mimi, ao ni weye?"

Kicheko kilianzia kwenye benchi, kikapita maabara, kikafika kwa mlinzi. Nilichutama. Niliomba msamaha kwa lugha tatu, nikakata niliyoyaandika katika faili, nikatia sahihi chini ya makosa yangu, nikatuma ujumbe kwa Bahati airudishe karatasi ya mama yake siku hiyo hiyo. Mlinzi aliniita Madame Onze Heures mwezi mzima.

Mwalimu ndiye aliyecheka kuliko wote. Aliingia ndani akieleza, huku akifuta machozi, kwamba hilo ndilo kosa la kila mtoto wa darasa la pili: kuchanganya saa za Kifaransa na saa za Kiswahili. Kila mwaka, alisema, alichora saa ubaoni mpaka chaki ikaisha. Mimi nilikuwa natafuta njia ya kuimaliza aibu, nikasema basi Mwalimu anionyeshe inavyochorwa, nimekuwa mwanafunzi wake. Ilikuwa mchezo tu. Nikampa karatasi, akatoa kalamu yake nyekundu.

Alichora duara kwa mkono mmoja bila kuinua kalamu, duara la ubaoni, safi, mpaka watu wa mlangoni wakanong'ona. Akaweka moja, akaweka mbili, akaweka tatu chini yake, karibu karibu. Akaendelea. Namba zote kumi na mbili zilijaa upande wa kulia zikaishia chini. Akatazama. Akaona upande wa kushoto umebaki mtupu, akaandika kumi na tatu. Akaandika kumi na nne. Wawili kwenye benchi walicheka wakidhani Mwalimu anatania. Kalamu ikasimama.

Akageuza shingo, akamtazama mkewe.

"Hii kalamu ni mubaya," akasema, kwa Kiswahili, yeye ambaye na mimi hakuwahi kusema ila Kifaransa.

Nilifunga mlango. Miaka mingi baada ya kuliandika, lile neno la Mzee Faustin lilinifikia. Nikamwuliza Mwalimu, taratibu, mimi naitwa nani. Tulikuwa tumejuana tangu nifike kituoni. Alinitabasamia vizuri, akasema mimi ni binti yake. Nikamwomba anitajie jina. Akageuka tena, na Maman Bahati akafungua kinywa kumsaidia, nikainua mkono. Jina langu, Léocadie, halikuja.

Na hapa ninyi vijana mnisikilize, maana hamtaikuta kwenye fomu. Sisi hatuitani majina. Mzee humwita kila kijana mwanangu, kila mama ni Maman fulani, kila mkubwa ni Papa au Mzee, na hiyo ndiyo heshima yetu, siitukani. Lakini mtu anaweza kupoteza majina ya watu wote wa kilima chake akaishi kwa kusema "mwanangu" na "binti yangu" miaka mitatu, na watu wakamsifu kwa adabu. Mwalimu alikuwa akiniita "binti yangu", nami nilifurahi kama mjinga. Kwa hiyo mwombeni mzee jina. Mwombeni kwa upole, mlango ukiwa umefungwa, lakini mwombeni.

Nilimpeleka Mwalimu akapimwe uzito na presha na mwenzangu, nikabaki na mkewe. Aliizungusha ile saa ya kijani mikononi.

"Mi nilijua," akasema. "Ile miwani, ile redio, yeye njo anaficha, anasahabu, anasema ni mimi. Nilinyamaza. Batu bakisema Maman Bahati anasahabu, ni mama wa soko tu, itapita. Bakisema Mwalimu anasahabu, atabakia na nini?"

Nilimwuliza kwa nini basi amekuja na saa. Alisema alivumilia yote mpaka Bahati alipochukua karatasi, na kwamba alikuja kujitetea yeye, hakuja kumwanika mumewe. Akaanza kulia, kimya, akijifuta kwa pembe ya kile kitenge. Mimi nami nililia, na sioni aibu kuliandika. Nilikuwa nimempa mwanamke huyo ugonjwa wa mumewe, naye alikuwa tayari kuubeba hadi mwisho kama nisingeugusa mpaka wake.

Mwalimu tulimkagua kama nilivyofundishwa. Masikio safi. Sukari sawa, presha sawa, damu sawa. Pombe hanywi, ni mtu wa kanisa, na tofauti na shemasi wangu wa kwanza hakuiomba. Tulizungumza na mkewe peke yake na Bahati peke yake, tukaandika ni mambo gani yamebadilika na tangu lini, kisha nikaandika barua ya kumpeleka hospitali ya wilaya. Daktari alithibitisha: ni ugonjwa wa kusahau, uko mwanzoni, dawa ya kuuondoa hakuna. Bahati alipoambiwa alitoka nje akasimama kwenye pikipiki yake bila kuiwasha. Aliporudi alikuwa na karatasi ya mama yake mkononi, na alimpa kwa mikono miwili.

Wengi wenu mmeniuliza kama inafaa kumwambia mgonjwa. Mimi nilimwambia. Aliketi wima na mkewe pembeni, akasikiliza kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani. Aliuliza atasahau nini kwanza. Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba mambo ya juzi hutangulia kuondoka, na ya zamani hukaa zaidi. Alifikiri juu ya hilo, akamnyooshea kidole Maman Bahati.

"Huyu bibi nilimuoa zamani, ao juzi?"

"Zamani sana, Mwalimu."

"Basi eko salama," akasema, akaikunja barua ya daktari mara nne, akaitia mfukoni pamoja na kalamu.

Ikabaki kazi ya kupanga maisha, na hiyo ndiyo tiba tuliyokuwa nayo. Vitu vya Mwalimu vikapewa mahali pamoja, kikapu kimoja, mezani. Mabinti wa kanisa wakaambiwa wakimkuta njiani wasimcheke, wamsindikize. Na siku ambazo Maman Bahati anavuka mpaka, mshauri wa afya wa kijiji chao alimleta Mwalimu kituoni, akakaa kwenye benchi chini ya ile saa ya kijani, ambayo Maman Bahati alikataa kuirudisha nyumbani. Alisema sisi ndio tunaoihitaji zaidi. Nyote mnaijua. Sasa mnajua ilikotoka, na kwa nini kila mara nilipoitazama nilikohoa.

Mwalimu hakukaa bure. Mwezi wa kwanza alisahihisha mabango yetu yote kwa kalamu nyekundu: la chanjo, la vyandarua, la kunawa mikono, hata lile lenye muhuri wa juu. Alikuwa sahihi kila mahali. Mkaguzi alipokuja aliuliza nani amechafua mabango ya serikali, kisha akayasoma, akaomba nakala.

Hiyo fomu bado iko, na sisemi muitupe. Nilibandika karatasi kwenye ukurasa wake wa mwisho, kwa herufi kubwa: onze heures ni SAA TANO. Kwa asiyesoma, nilimwomba anieleze safari yake ya sokoni tangu alfajiri mpaka kurudi, na humo nilipata zaidi kuliko kwenye maswali yote thelathini. Shingo niliiangalia kila siku mpaka siku yangu ya mwisho kazini.

Siku hiyo ya mwisho mlikuwapo, lakini nitaiandika, maana kila mmoja wenu anaisimulia vibaya. Tulikaa kwenye chumba cha kusubiria, fanta na maandazi, hotuba za wakubwa. Mwalimu akaomba neno. Alisimama akatoa hotuba nzuri, yenye mwanzo na mwisho, na katikati akatia kisa cha shemasi na vidonge vya kulewesha. Alikaa tukampigia makofi. Tulipokuwa tunafungua chupa za pili, akasimama tena, akakohoa, akatoa hotuba ile ile, neno kwa neno, na shemasi yule yule. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Maman Bahati alikuwa amewasili kutoka mpakani, beseni tupu miguuni pake. Hotuba ilipofika kwenye shemasi alicheka yeye kwanza, na mwisho wa hotuba alipiga makofi yeye kwanza, nasi sote tukafuata. Kisa kilikuwa kitamu zaidi mara ya pili, kwa sababu tulijua pa kuchekea.

Kisha mmoja wenu, simtaji na nimemsamehe, akamwuliza Mwalimu ni saa ngapi. Saa ya kijani ilikuwa juu ya kichwa chake. Sitadai ilionyesha dakika kumi kamili, mngesema natunga, lakini mshale mfupi ulikuwa umepita tano. Mwalimu aligeuka akaitazama. Aliitazama muda mrefu, na niliona midomo yake ikijaribu namba. Shingo ikaanza kumgeukia mkewe. Maman Bahati aliinama akawa anapanga kitambaa ndani ya beseni tupu, kwa makusudi, akamwacha.

Shingo ikarudi. Akatazama mwanga wa mlangoni, akatazama lile beseni, akanitazama mimi na mkoba wangu magotini.

"Ni saa ya kurudia nyumbani," akasema.

Kwa fomu ile ni sifuri. Nilimpa alama zote, nikachukua mkoba wangu, nikatoka nao.